Vipandio Kumi na Vinne

4 Februari

Mdogo wangu Mwalimu,

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako itakuja nyuma ikihema. Hapa nyumbani wote tuko wazima. Paka kazaa tena ndani ya sanduku la randa, watoto wanne, mmoja ana sura yako. Mjukuu wa mwisho kang'oka meno ya mbele mawili na bado anaongea kuliko redio. Mimi afya yangu ni ya chuma. Juzi jirani alishindwa kusogeza benchi la karakana, nikalisogeza mimi, tena kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika chai.

Naandika barua kwa sababu ukipigiwa simu unasema "ehe, ehe" halafu unaanza habari zako. Barua haina "ehe". Mkono wangu umezoea patasi kuliko kalamu, lakini utasoma tu, wewe si mwalimu, umesoma maandishi ya watoto wa watu miaka thelathini.

Sasa nije kwenye neno. Mke wangu karudi kutoka kwako. Wiki mbili alizokaa kumuuguza mkeo nyonga sizihesabu, ndiyo undugu. Lakini karudi na nini? Karudi na kiti chako. Sisemi kakibeba mkononi. Kakibeba mdomoni. Akikoroga uji, kiti. Akikunja nguo, kiti. "Unakaa, unafunga mkanda, unabonyeza, kinakupandisha taratibu kama mtu anakubembeleza." Nikamuuliza, nani anakubembeleza, kiti cha mdogo wangu? Akacheka. Akasema alikipanda mara sita. Mara sita, Mwalimu, na mguu wake hauna hata mchubuko. Mke wangu mimi anapandishwa na kupandishwa kwenye nyumba ya watu kama gunia la mkaa, na hapa nyumbani kuna ngazi niliyoijenga kwa mikono hii miwili, peke yangu, vipandio kumi na vinne, vyote sawasawa kama meno ya kitana, na kona ambayo hakuna fundi mtaa mzima aliyethubutu kuikata. Watu walikuwa wanakuja kuitazama. Unakumbuka. Mama alikuwa anawaleta.

Sina wivu na wewe. Sikio halipiti kichwa. Nauliza tu kama mtu anavyouliza bei ya nyanya ambazo hanunui: kiti hicho ulikipata wapi, ulikichaguaje, na kinabeba uzito gani?

Ni mimi kaka yako,
Fundi


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Imefika ikihema, kama ulivyosema. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mke wangu sasa anatembea hadi jikoni bila fimbo, na anamshukuru sana shemeji. Anasema bila yeye angekuwa bado anaoshwa na mimi, na mimi namwosha kama ninavyoosha ubao. Mwanangu mkubwa amehamishwa kazi, atakuandikia barua mwenyewe.

Kiti tulikinunua baada ya mke wangu kuanguka, si kwa fahari. Nilifanya hivi. Nilikwenda dukani nikakaa juu ya viti vitatu kimoja baada ya kingine, kwa sababu picha haina makalio. Kimoja kilikuwa kifupi, magoti yanakuja kidevuni. Kingine kilikuwa hakigeuki. Hilo liangalie sana: kiti kikifika juu ni lazima kigeuke, ushuke ukiwa umeikabili sakafu, usiwe umeielekea ngazi. Kingine, uliza betri. Umeme ukikatika, kiti kisicho na betri kinakuacha katikati kama nguo kwenye kamba. Changu kinabeba kilo mia na ishirini.

Ngazi yetu imenyooka, kwa hiyo reli ilikatwa hapa hapa, siku moja ikaisha. Yako ina kona. Reli ya kona haiuzwi dukani. Inapindwa kiwandani kwa vipimo vya ngazi yako peke yake, na ikishapindwa hairudi. Kwa hiyo mwite mpimaji wao. Tafadhali usipime mwenyewe.

Umeuliza habari za kiti lakini hukusema ni cha nani. Nani hapo anashindwa kupanda?

Mdogo wako,
Mwalimu


6 Machi

Mwalimu,

Barua yako nimeipata, umeiandika vizuri, umeweka na nukta zote. Salamu kwa shemeji yangu, mwambie nyonga ni kama bawaba, haitaki kulazimishwa. Hapa paka wawili wamepata wenyewe, yule anayefanana na wewe hakuna anayemtaka.

Umeuliza nani anashindwa kupanda. Ni mke wangu. Magoti. Unajua wanawake, hawasemi. Anapanda akisimama kila kipandio cha tatu, mimi moyo unaniuma. Ndiyo maana nimeamua kumnunulia, nisije nikaambiwa mdogo wangu anamjali mkewe kunishinda mimi.

Nimekwenda duka la hapa. Wana vitabu vya picha. Kijana wa mauzo akanionyesha cha rangi ya maziwa, nikamuuliza, hicho si ndicho wanachonunua walimu? Nimechagua chekundu, ngozi, chenye sehemu ya kuwekea mikono yote miwili, na pedali ya miguu inayojikunja yenyewe. Chako shemeji yako anasema unaikunja kwa kuinama. Changu kinageuka, kina betri, na kinabeba kilo mia na sitini. Mimi nina kilo sitini na mbili, lakini hiyo si hoja. Na chako kinakwenda moja kwa moja tu kama panya ukutani. Changu kitapinda kona. Kitafika pale kwenye jukwaa dogo, kijigeuze, kiendelee. Mke wangu akishakipanda hicho, hatakaa ataje kingine.

Siku hizi nalala chini, kwenye kochi la sebuleni. Kuna mbao nzuri karakana, nazilinda.

Kaka yako,
Fundi

Shemeji, naandika hapa chini kwa haraka, kaka yako anatafuta miwani ambayo iko kichwani kwake. Mimi ndiye ninayepeleka barua posta. Magoti yangu hayana neno, napanda na kushuka na ndoo ya maji. Tangu mwezi wa kumi na moja ni yeye asiyepanda. Alijaribu nisipokuwepo, nikamkuta amekaa kipandio cha tano, akaniambia anakagua msumari. Hakuna mbao karakana. Mimi huku juu nalala peke yangu na kitanda kikubwa, asubuhi nasikia anakohoa chini kama mgeni. Usimwambie nimeandika. Mnunulishe kiti kwa njia yoyote, hata kwa kumtia wivu.


22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imeharibu ukuta wa nyuma, nimepiga plasta mwenyewe na imekaa upande, ungeiona ungecheka mpaka kesho.

Nimefurahi umechagua. Chekundu ni rangi nzuri, na nakiri changu pedali yake inanisumbua kiuno. Nikikaa nafikiria hicho chako kinavyopinda kona, naona changu kweli ni panya wa ukutani.

Mama alikuwa na msemo wake, unaukumbuka: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisemi kwa ajili ya mtu yeyote. Nimeukumbuka tu wakati napiga plasta.

Nikuombe jambo moja. Mpimaji aje. Kama hutamtaka, na najua hutamtaka, basi ukipima, pima kila kipandio. Hasa vile vya juu ya kona.

Kama unataka nije nishike futi upande wa pili, niambie. Basi la asubuhi linafika saa nane mchana.

Mwalimu


9 Aprili

Mwalimu,

Hatujambo. Mke wangu kapika, kafua, kaimba, sijui ana nini siku hizi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. "Hasa vile vya juu ya kona." Unamwambia nani hayo? Mimi ndiye niliyekuonyesha jinsi ya kushika msumeno usijikate kidole, na bado ulijikata. Leo wewe uliyekimbilia chaki unaniambia nipime kipandio kwa kipandio ngazi niliyoikata mwenyewe?

Mpimaji alikuja. Mama mmoja mrefu, kavaa viatu vya kazi, mkononi kifaa kama tochi kinatoa kitone chekundu. Akasema atapima kwa mwanga. Nikamwambia mama, mwanga unapima vumbi, mbao inapimwa kwa mbao. Akasema, "Baba, dakika kumi tu, nipande hadi juu." Nikamwambia hapandi mtu ngazi yangu na tochi. Nikatoa futi yangu ya kukunja, nikapima kipandio cha kwanza, urefu na upana, mbele ya macho yake. Nikazidisha mara kumi na nne. Akauliza, na vingine? Nikamjibu, mama, ukimjua mtoto wangu mmoja umewajua wote, mama yao ni mmoja. Akaniangalia hivi. Akamwangalia mke wangu, mke wangu akaangalia dari.

Akasema basi nitie sahihi kwamba vipimo ni vyangu. Nikatia. Sahihi yangu nzuri, ile ya mkia.

Kwa hiyo usije kushika futi. Futi imeshashikwa. Reli inapindwa. Na kiti changu kikifungwa nitakuita uje ukione, uje na mkeo, nitawapandisha wote wawili kwa zamu.

Fundi


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua nimepata. Tuko wazima. Ukuta umekauka.

Kiti kikija, nijulishe.

Mwalimu


17 Juni

Mwalimu,

Salamu. Wazima wapo. Mjukuu meno yameota.

Kiti kimekuja. Kilikuja Jumanne kwenye gari la kampuni, watu wawili na yule mama wa tochi nyuma yao. Mtaa mzima ulitoka. Mwenye duka la vitambaa alifunga duka. Reli yenyewe, Mwalimu, ungeiona. Imepindwa pale kwenye kona kama shingo ya bata, haina hata mkunjo. Nikasema kimoyomoyo, mdogo wangu akiiona hii atarudi kwake akang'oe ile ya kwake. Wakaifunga kipandio kwa kipandio, chini ya kona ikakaa kama imezaliwa pale. Kiti chekundu. Ngozi inanuka mpya.

Nikamwambia mke wangu akae wa kwanza. Akasema, "Kaa wewe, baba. Kiti ni chako." Mbele ya watu. Nikakaa, kwa kujaribu tu, nisije nikampandisha mke wa mtu kwenye kitu sijakipima. Nikafunga mkanda. Nikabonyeza.

Kikanipandisha. Sitakuficha, nilipofika kipandio cha sita nilitaka kuimba. Nikapinda kona. Watu wakapiga makofi. Nikaendelea kupanda, naiona sakafu ya juu inashuka kunifuata, naona mlango wa chumba chetu, naona hata fremu ya mlango niliyoichonga maua. Halafu kikasimama.

Kilisimama hewani. Sakafu iko mbele yangu sawa na miguu yangu, lakini iko mbali, upana wa kipandio kizima. Reli imeisha. Nyumba haijafika. Nimekaa pale juu na kilo zangu sitini na mbili, miguu inaning'inia, mkono nikiunyoosha karibu niushike mlango wa chumba changu mwenyewe lakini siushiki.

Yule mama akapanda kwa miguu. Akahesabu akirudi chini, anagusa kila kipandio kwa kidole. Fundi wake akasema kiti hiki hakiachwi kikiwa na umeme, mtu ataanguka. Wakanishusha wakazima.

Sasa wewe ni mwalimu wa hesabu. Niambie reli iliyokatwa kwa vipimo vya fundi inakosaje hatua moja. Mimi nasema kiwanda wameniibia kipande. Kampuni wanasema niandike barua. Nimeanza na wewe.

Fundi


1 Julai

Kaka,

Shikamoo, na safari hii naomba uniitikie kabla hujaendelea kusoma, maana ukimaliza huenda usitake.

Kiwanda hakijakuibia. Vipandio ni kumi na vitano.

Nane vya chini ya kona ni vyako. Mwaka ule boriti ilikuangukia goti, ulilala wiki sita, na vya juu nikavijenga mimi. Ulinipa mchoro wa vipandio sita. Niliweka saba. Ulipoamka ukaniuliza, "Umefuata mchoro?" nikasema nimefuata. Ukavipiga msasa, ukapaka vanishi, ukawaita watu. Hukuvihesabu. Hakuna mtu anayehesabu ngazi anayoisifia.

Niliweka saba kwa sababu Mama aliniomba. Chumba chake kilikuwa juu, na magoti yalikuwa yameanza. Alinishika mkono karakana akasema, "Mwanangu, hivi vya kaka yako ni virefu, nikifika kwenye kona sina pumzi. Vya juu vilaze kidogo. Ila usimwambie, atasema ngazi yake haina kosa." Nikavilaza. Kikaongezeka kimoja.

Hayo nimeyabeba bila uzito. Lililokuwa zito ni jingine. Kila mgeni alipokuja, Mama alimpandisha mpaka juu, akipumzika vizuri kwenye vyangu, akisema, "Hii ngazi ameijenga mwanangu mkubwa." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimebeba chai ya wageni. Alikuwa anakanyaga vyangu akisifu vyako. Ulikuwa unasema "peke yangu" na mimi nasikia. Niliacha ufundi mwaka ule ule. Ulidhani niliogopa msumeno.

Sasa la mwisho, ndilo baya. Ulipoandika umepima kimoja ukazidisha, nilijua. Nilikuwa na karatasi mkononi na kalamu. Maneno matatu yangetosha. Nikakuandikia habari za ukuta kukauka. Nilitaka, mara moja tu, ngazi hiyo ikukatae wewe mbele ya watu. Sikufikiria miguu yako inavyoning'inia. Sikumfikiria shemeji.

Kuna njia. Reli imepindwa kwa vipandio kumi na vinne. Vunja saba vyangu, weka sita vyako kama mchoro ulivyokuwa, reli itakaa. Nitakuja nivivunje mwenyewe.

Nisamehe.

Mdogo wako


5 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mwezi umepita. Sijui kama barua ilifika au ilifika zaidi ya inavyotakiwa. Mke wangu anauliza kila siku kama posta imepita. Sisi wazima.

Mwalimu


20 Agosti

Mwalimu,

Barua ilifika. Shemeji yako aliniletea na uji, nikaisoma, uji ukapoa mpaka ukaota ngozi.

Habari za nyumbani sitakupa, huzistahili.

Hilo la reli nimelisamehe siku ileile, si kwa wema, bali hata mimi ningefanya hivyo hivyo, tena ningekuja kutazama. Kunisimamisha hewani mbele ya mwenye duka la vitambaa ni kazi ya mtu wa damu yangu.

Kilichonikalisha karibu wiki saba si reli. Ni Mama. Alikwambia wewe. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho, mimi niliyemtengenezea kitanda, kabati, hata kile kigoda cha kuoshea miguu. Nilikuwa nalala mlango wa pili. Na magoti yake akakupelekea wewe, uliyekuwa huwezi hata kunyoosha msumari. Nimekaa kwenye kochi nikawa naona wivu na maiti na mtu aliye mbali, yote kwa wakati mmoja, mpaka mke wangu akaniuliza nanuna na nani.

Nikamwambia. Nikamuuliza, wewe ulijua kama ni kumi na vitano? Akasema, "Baba, mimi naiosha ngazi hii kila Jumamosi. Nilijua wiki ya kwanza." Nikasema mbona hukuniambia? Akasema, "Ulikuwa unafurahi." Halafu akasema neno jingine. "Mama yako naye alikuwa hakwambii. Na wewe mwenyewe goti lako umemwambia nani? Hata mimi hukuniambia. Uliniambia unalinda mbao."

Mfinyanzi hulia gae, na fundi ngazi hulala kwenye kochi. Basi naandika mwenyewe, kwa mkono wangu: ni goti langu. Lile lile la boriti. Tangu mwezi wa kumi na moja. Yeye hana kitu, anapanda kama mbuzi.

Juzi nilimtuma mtu kumwita yule mama wa tochi. Nikamwomba radhi, nikamwambia apime na mwanga wake. Akapanda. Mimi nikakaa chini nikawa nahesabu naye kwa sauti, na yeye juu anaitikia. Tulipofika kumi na nne nilisita kidogo. Yeye akangoja. Nikasema kumi na tano.

Kampuni watapinda kipande cha juu upya, ni gharama yangu, sahihi ile ya mkia si walinionyesha.

Umeandika utakuja uvunje vyako saba uweke vyangu sita. Sikiliza, Mwalimu. Ukivigusa nitakukata na patasi. Vile ni vya Mama. Alipumzika pale. Sivunji mimi na huvunji wewe, na asiyetaka atafute nyumba iliyonyooka.

Kaka yako


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba mbili, moja ya safari iliyopita sikukupa.

Nakuandikia nikiwa juu. Nimekaa kwenye meza ndogo ya dirishani, naliona paa la karakana, sikujua limeota majani. Shemeji yako amehamisha vitu vyangu vyote kutoka kwenye kochi, hata zile mbao nilizokuwa nazilinda, akasema ameshindwa kuziona lakini amezihamisha. Anakusalimu. Anasema sasa ni mimi ninayekoroma, na kitanda kimekuwa kidogo tena. Alisema akilalamika, lakini nilimwangalia usoni.

Kipande kipya kililetwa wiki iliyopita. Kiti kinapanda, kinapinda, kinafika. Kinageuka chenyewe kama mkuu wa shule anayetaka kuondoka. Naweka mguu, sakafu ipo. Chako, kwa taarifa yako, kinatumia sekunde arobaini na tano, shemeji yako alihesabu. Changu kinatumia themanini. Kitu kizuri hakina haraka, na safari yangu ni ndefu kuliko yako, ina kona.

Nikwambie jambo. Nikiwa chini ya kona kiti kinapanda kwa ukali, mgongo unajua. Kikifika vile vyako kinalala kidogo. Kinatulia. Mara ya kwanza nilidhani mashine imechoka. Halafu nikaelewa ni nini alichokuwa anakisikia Mama akifika pale. Nimepanda ngazi hii miaka thelathini na minane kwa miguu mizuri na sikuwahi kuhisi. Bado naona wivu kwamba alikwambia wewe. Nadhani utabaki. Lakini sasa nikifika pale unapungua kidogo.

Jumapili alikuja mwenye duka la vitambaa na ndugu zake kuitazama. Walisimama chini, na mimi kwenye kiti changu, nimefunga mkanda, nikawaambia habari za kona, na mbao ilivyotoka, na nilivyoikata. Mmoja wao akauliza, vipandio vingapi?

Nikasema kumi na vitano. Nane vyangu.

Akauliza, na saba?

Nikabonyeza, nikapanda nikamwacha pale anangoja. Njoo umjibu mwenyewe. Basi la asubuhi linafika saa nane, na paka yule bado hajapata mtu.

Kaka yako,
Fundi